Dodoma maji tunayo: kwa nini hakuna aliyejenga makazi ya ufukweni yenye gati la boti, si Hombolo wala Mtera?

#1 Kizota Kwetu
Habari za jioni wakuu.

Swali hili naomba lijibiwe na wenye taaluma, wenye hasira wapumzike kidogo. Serikali imehamia, SGR inashusha watu hapa tangu katikati ya 2024, Mtumba magorofa yanaota kila kukicha, viwanja vya Iyumbu na Njedengwa unaona haya hata kuuliza bei. Na kila mgeni kutoka Dar wimbo ni uleule: "Dodoma hakuna pa kukaa ukatazama maji."

Maji yapo. Hombolo ni kilomita 40 hivi kutoka mjini. Kikundi chetu kina mashamba ya familia upande wa Hombolo Bwawani, mpaka wa chini unaishia karibu na maji, pale mto Kinyasungwe Mdogo unapoingilia bwawani. Wazo letu ni nyumba kama 40 za kuuza, mgahawa, na marina ndogo: gati la kuelea, sehemu ya kushushia boti, wavuvi nao wapewe upande wao wa kupakulia samaki.

Kinachonishangaza ni hiki. Bwawa la Hombolo lipo tangu 1957. Mtera tangu 1980. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenusa hela? Au kuna jambo wenyeji mnalijua mmekaa kimya?

#2 Kunguru wa Area D
Mbona mji una mabwawa tayari mkuu? Nenda Swaswa, kwenye mabwawa ya majitaka. Mandhari ya maji ipo, harufu unapewa ya nyongeza.

#3 Chacha wa Ihumwa
Hahaha #2 utafungiwa. Nakaa hapa nisome.

#4 Mama Zabibu
Mbukwenyi. Mimi niko hukohuko Hombolo, nalima zabibu, kwa hiyo naongea la mlangoni kwangu.

Sababu ya kwanza ni chumvi. Maji ya bwawa hili yana chumvi, na kiangazi kikikolea inazidi, maana maji yanapungua na chumvi inabaki. Nyanya zinakuambia mapema sana. Zabibu zinavumilia kiasi. Sasa wewe unaleta nyumba 40 zenye bomba za mvua na bustani za nyasi, utazimwagilia nini? Chuma nacho kinaliwa. Pampu huku haizeeki kwa heshima.

Ya pili ni tope. Bwawa la leo si lile la 1957. Kila masika makorongo yanaleta udongo kutoka juu, na sehemu unayoitaja, pale mto unapoingilia, ndipo tope lote linapotua kwanza. Unataka kuweka gati mahali ambapo mto unatua mzigo wake. Mtumbwi unapita, mtu anashuka anausukuma. Boti ya injini?

Sikukatishi tamaa kaka, nakuambia tu ninachokanyaga.

#5 Dalali Mstaafu
Mnazunguka. Sababu ni moja: sheria. Huruhusiwi kujenga ndani ya mita 200 kutoka kwenye maji. Mradi umekufa kabla haujazaliwa, funga uzi.

#6 Bwana Vipimo
#5 hapana. Ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57: shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa, kingo za mto, au bwawa. Mita 200 umeitoa wapi mzee?

Lakini #1 usishangilie. Mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi? Kwa ziwa lenye ukingo wa mawe halina shida. Kwa bwawa letu, Aprili ukingo uko hapa, Novemba uko kule kwenye mikakaya. Ukipima Novemba ukaweka bikoni, Aprili bikoni zinaogelea. Mimi kama mpimaji naanza na kimo cha juu kabisa bwawa linapojaa, yaani usawa wa utoro wa maji (pale maji ya ziada yanapomwagikia nje ya bwawa), halafu ndipo nahesabu 60 zangu kwenda nchi kavu. Wapo wenzangu wanaopima kutoka pale maji yalipo siku ile. Hao ndio wanaolisha mahakama.

#7 Dalali Mstaafu
Haya 60. Nilichosema kinabaki palepale.

#8 Shemeji wa Nkuhungu
#6 umegusa donda. Mume wa dada yangu aliuziwa "kiwanja cha ufukweni" mwezi wa nne, jirani na bwawa moja mkoa huu (silitaji, kesi haijaisha). Akapelekwa kwenye gari, akaonyeshwa maji mita chache tu, ndege weupe, upepo, akalipa palepale. Mwezi wa kumi akaenda na fundi kuchora msingi. Maji hayaonekani! Wakauliza mchungaji, akawaonyesha kwa fimbo: kule, nyuma ya ule mti. Mbele yake hakuna ufukwe, kuna uwanda wa tope lililopasukapasuka, na ng'ombe wanapita katikati ya "sebule".

Kichekesho ni kwamba jirani yake aliyenunua Oktoba, karibu kabisa na maji, masika yaliyofuata alihamisha matofali kwa mtumbwi.

#9 Kunguru wa Area D
Kumbe ni nyumba zenye maji ya msimu, kama maembe.

#10 Mhehe wa Migoli
Watani zangu wa Dodoma mnajadili kidimbwi mkiacha bwawa. Njooni Mtera. Likijaa ni kilomita za mraba zaidi ya 600, barabara ya Iringa–Dodoma inapita juu ya ukuta wenyewe, samaki wanauzwa pembeni, machweo ya jua bure. Kama kuna mahali pa marina kanda hii ni pale.

Kwa nini hakuna aliyejenga? Mamba na viboko. Nimemaliza. Huku kwetu mtoto hatumwi majini jioni. Huwezi kuuza nyumba yenye ngazi za kushukia majini halafu ukaweka kibao cha "usishuke".

#11 Bwana Vipimo
Mamba ni tatizo la wavu na nidhamu, mtani. Tatizo kubwa la Mtera ni kazi iliyolipeleka pale. Lilijengwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo ili mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini isikose maji kiangazi, baadaye 1988 likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Kwa hiyo maji yanashushwa kwa makusudi. Kimo cha kujaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, cha chini cha kuzalishia umeme ni 690. Tofauti ni mita 8.5 za wima.

Sasa fanya hesabu. Ukingo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila 100, ambao kwa uwanda ule ni kitu cha kawaida kabisa, mita 8.5 za wima ni mita 850 za kutembea. Gati la kuelea lenyewe halina shida, linapanda na kushuka na maji likishikwa na nguzo. Shida ni daraja la kulifikia. Ukitaka mzee au mwenye kiti cha magurudumu apite, mteremko usizidi 1 kwa 12: 8.5 × 12 = mita 102 za daraja. Hiyo ni kama umepata ukingo mkali wenye kina hapohapo. Ukingo wa namna hiyo upo karibu na ukuta, na karibu na ukuta hawatakuruhusu.

#12 Mhehe wa Migoli
Mtani kwa hesabu sikuwezi. Lakini mamba hajui mteremko.

#13 Msafiri wa Thames
Salaam kutoka London wakuu. Naomba niongeze kitu maana huku napita kila siku kwenye marina ya mtoni.

Kuna St Katharine Docks, jirani na Daraja la Mnara (Tower Bridge). Ilifunguliwa 1828 kama bandari ya mizigo, ikafungwa 1968, ndipo ikageuzwa marina na kuzungushiwa nyumba na maofisi. Mto Thames pale kati unapanda na kushuka mpaka kama mita 7 wakati wa bamvua. Karibu sawa na Mtera! Lakini boti zilizo ndani hazijui kama mto umepwa, kwa sababu bonde la ndani limechimbwa pembeni ya mto na lina lango: maji yakijaa wanafungua boti zinaingia, yakianza kupwa wanafunga.

Kwa nini Hombolo wasichimbe bonde la ndani hivyohivyo? Masika unajaza, unafunga lango, nyumba zinatazama maji mwaka mzima hata bwawa likikimbia.

#14 Kizota Kwetu
#13 asante sana! Hili sikuwa nimelifikiria. Wahandisi mnasemaje?

#15 Bwana Vipimo
Wazo zuri, nchi tofauti. Thames inajaa mara mbili kwa siku. Kinyasungwe unajaa kwa mwaka mara moja, na kuna mwaka unasahau. Dodoma inapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua letu lina uwezo wa kunyonya zaidi ya milimita 2,000 kutoka kwenye maji yaliyo wazi kwa muda huohuo. Bonde lako lenye kina cha mita 3 likifungwa Mei, Novemba limebaki na nusu, na chumvi aliyoisema Mama Zabibu imejikusanya humo kama supu iliyosahauliwa jikoni. Uongeze kwa pampu? Kutoka wapi? Mji wenyewe unategemea visima vya Mzakwe.

Ungeweza kutandika udongo wa mfinyanzi sakafuni kuzuia maji yasinywewe ardhini, hilo linasaidia. Juani hakuna turubai.

#16 Msafiri wa Thames
Nimekuelewa mkuu. Ila lingechimbwa lenye kina zaidi na eneo dogo, uwiano ungebadilika. Mita 6 badala ya 3.

#17 Bwana Vipimo
Ungebadilika. Bei ya kuchimba nayo.

#18 Nyoka wa Kisasa
Mnabishana maji, mimi niulize hela. Nani ananunua?

Kizota Kwetu umesema SGR inaleta watu. Ijumaa jioni nenda stesheni uone inavyowaondoa. Zamani mtumishi alikwama Dodoma wikiendi kwa sababu basi ni siku nzima. Leo anafunga ofisi, anapanda treni, usiku yuko Dar na bahari yake. Treni uliyoitaja kama sababu ya mradi ndiyo inayoua soko lako la wikiendi. Nyumba ya ufukweni inanunuliwa na mtu wa Jumamosi, na Jumamosi hayupo.

Ndiyo maana wenye mitaji wanajenga vyumba vya kupanga Nkuhungu, Ilazo na Kisasa. Mpangaji wa Jumatatu hadi Ijumaa hana haja ya boti.

#19 Mama Zabibu
#18 hapo nakupinga. Wapo waliohamia moja kwa moja na watoto wako shule hapa. Jumapili wanakuja huku kununua samaki na zabibu, wanakaa juu ya mawe na viti vyao vya kukunja, hawana hata choo cha kuingia. Wateja wapo, ila wanataka choo, kivuli na samaki wa kuchoma kabla ya marina.

#20 Chacha wa Ihumwa
Nakazia choo.

#21 Mzee wa Bahi
Vijana salaam. Nimewasoma wote. Niliwahi kufanya kazi za upimaji enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu, nataka kuongeza historia kidogo.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, CDA ikaundwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa kwanza ulitoka 1976, kazi ya kampuni ya Kikanada kutoka Toronto. Mji ulipangwa kufuata vilima na mabonde, mabonde yaachwe kijani, watu watembee kwa miguu. Hombolo haikuwa mahali pa kuishi watu wa mjini, ilikuwa maji ya kilimo na mifugo. Mkiuliza kwa nini hakuna aliyejenga, jibu langu ni kwamba mji ulifundishwa kutazama upande mwingine. Na hati za CDA zilikuwa za miaka 33. Nani anajenga marina kwa miaka 33? Baada ya CDA kuvunjwa 2017 na kazi zake kwenda halmashauri ndipo tukaanza kuona hati za 99.

Na jambo ambalo hamjaligusa kabisa: Mgogo hajengi kando ya maji. Si ushamba. Maji ni njia ya ng'ombe. Kila kijiji kinajua mapito yake ya kushuka kunywesha. Mkizungusha ukuta nyumba 40 na kuweka geti, ng'ombe watapita wapi? Mtaambiwa kwenye mkutano wa kijiji siku ya kwanza, na msipoambiwa kwa mdomo mtaambiwa kwa kwato.

#22 Kizota Kwetu
Mzee shikamoo. Hilo la mapito tumeliona, tumeacha njia ya mita 10 upande wa mashariki.

#23 Mzee wa Bahi
Marahaba. Mita 10 kwa ng'ombe wangapi? Wapimeni kwanza ng'ombe.

#24 Nyoka wa Kisasa
Mzee, kwa heshima zote, suala la miaka 33 sikubaliani. Mahoteli na maghala yalijengwa kwa hati hizohizo. Mtu akiona faida ya miaka kumi haangalii 33.

#25 Mwanasheria wa Mtaa
Nipite haraka maana naona watu wanadhani kikwazo ni mita 60 tu.

Hamuwezi kuanza na boti. Shamba lenu ni la kilimo, kwa hiyo kwanza ni kubadili matumizi ya ardhi na mchoro wa mipango miji uidhinishwe, Hombolo iko ndani ya mipaka ya Jiji. Halafu tathmini ya athari kwa mazingira: mradi unasajiliwa NEMC, wasimamizi wa mazingira, mtaalamu aliyesajiliwa anaandaa hadidu za rejea, wananchi wanahojiwa, ripoti inajadiliwa, ndipo cheti. Halafu bodi ya maji ya bonde. Hombolo ni Bonde la Wami/Ruvu, Mtera ni Rufiji, na kule Bahi mto Bubu ni Bonde la Kati, kila bonde na ofisi yake. Huko mnahitaji kibali cha kutumia maji na kingine cha kumwaga majitaka yaliyosafishwa. Boti zenyewe ziko chini ya TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, na tangu ajali ya MV Nyerere 2018 sitarajii mkaguzi awaonee haya kwa sababu bwawa ni dogo.

La mwisho, hati inaishia ardhini. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inakuwezesha kumuuzia mtu ghorofa na haki katika maeneo ya pamoja. Gati liko juu ya maji ambayo si yenu. Mnunuzi mwenye akili atauliza: nikinunua nyumba namba 12, gati ni langu, ni la kikundi, au ni la bonde? Jibu la swali hilo liandikeni kabla ya kuchora mgahawa.

#26 Kunguru wa Area D
Kwa hiyo kabla ya kupanda boti unapanda ngazi za ofisi.

#27 Bwana Vipimo
Na wa bonde watauliza la mafuriko, #25. Kinyasungwe ukishuka unaelekea Gulwe, Kidete, Kilosa. Desemba 2009 na Januari 2010 maji ya njia hiyo yalikula reli ya kati mpaka safari zikasimama. Ukichimba, ukijaza kifusi, ukibana mto kwa kuta za gati pale unapoingilia, watataka kujua maji yaliyosukumwa yanakwenda wapi.

Mimi ningejenga juu, nje ya usawa wa kujaa, ningeacha ukingo wote kuwa wazi kwa ng'ombe, wavuvi na familia za Jumapili, na gati liwe vipande vya kuelea vinavyohamishika kwa trekta kufuata maji. Nyumba zitazame bwawa kutoka mbali. Haliitwi marina hilo, najua.

#28 Mnyaturu Halisi
Nimevumilia nimeshindwa. Kanda ya kati hii mnayoijadili Singida haimo? Tuna Singidani na Kindai, maziwa ya asili, yako mjini kabisa, unatoka benki unatazama maji. Mawe makubwa, flamingo wanakuja wenyewe bila mkataba. Mnahangaika na mto unaokauka!

#29 Mama Zabibu
Mtani maziwa yenu ni chumvi kuliko bwawa letu. Na hayo maji hayana pa kutokea.

#30 Mnyaturu Halisi
Chumvi haizuii kutazama. Nani kawaambia mnywe?

#31 Nyoka wa Kisasa
Sasa #30 utueleze: Singida maji yako mjini, ya asili, hayashushwi na TANESCO, na hakuna marina. Kwa hiyo hoja za mteremko, tope na miaka 33 zote zinaanguka. Inabaki ya kwangu, wanunuzi hawapo.

#32 Mzee wa Bahi
Au inabaki ya kwangu, kwamba sisi watu wa kanda hii hatukai mbele ya maji.

#33 Mhehe wa Migoli
Au Singida hakuna mamba na bado wameogopa.

#34 Daktari wa Kata
Nilikuwa nangoja mtu ataje kichocho, naona mnafika Singida bila kukitaja. Maji yaliyotuama, majani kingoni, konokono, na watu wanaojisaidia karibu kwa sababu hakuna choo (#19 na #20 mko sahihi kuliko mnavyojua). Watoto wa nyumba 40 wakianza kuogelea, ndiyo wagonjwa wangu. Choo kwanza, majani yakatwe kwenye ngazi za gati, maji yapimwe. Mashimo ya majitaka kwenye udongo wa mfinyanzi hayanywi, yatatapika masika na yataelekea bwawani. Hapo panahitaji mtambo mdogo wa kusafisha, na uwekwe kwenye bajeti sasa, siyo baada ya kuuza.

#35 Kizota Kwetu
Wakuu nashukuru, sikutegemea haya yote. Jumamosi tunakwenda na mpimaji kuweka alama ya usawa wa kujaa, na nitamwomba mjumbe aite wafugaji tuhesabu hayo mapito. Bonde la ndani la #13 bado linanivuta, #15 usinikasirikie. Mita 6.

#36 Bwana Vipimo
Chimba shimo moja la majaribio kwanza uone mita ya ngapi unakuta mwamba. Halafu tuongee kuhusu 6.

#37 Dalali Mstaafu
Kikundi kikishindwa, hizo ekari mnauzaje?

#38 Kunguru wa Area D
Nilijua tu.

#39 Chacha wa Ihumwa
Mama Zabibu, perege wa Hombolo kilo bei gani wiki hii? Na ile barabara ya kutoka Ihumwa gari ndogo inapita?

#40 Mama Zabibu
Inapita, nenda taratibu kwenye makorongo. Bei njoo asubuhi uongee na wavuvi wenyewe, mchana wanabaki wadogo.